Kinyumenyume katika Genge la Kester

Kwa miaka arobaini na tisa ya ndoa yetu, usukani ulikuwa wangu, na kutazama njia kulikuwa kazi ya Thora. Mgawanyo huo haukupangwa na yeyote. Ulikuja wenyewe, kama vile katika kila nyumba mmoja huwa mkata mkate na mwingine mpakaji wa siagi. Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili, kabla joto halijaigeuza nchi yetu ya makorongo kuwa tanuri, tulipakia hema, magodoro, sufuria ya chuma na madumu ya maji katika pikapu, tukalizunguka jangwa kwa siku sita, na kurejea nyumbani Jumamosi ili Sabato yetu ya Jumapili itukute tumeoga. Mvua haikupata kutuzuia, wala mimba, wala mwaka ule Thora alipovunjika mkono.

Mwezi wa Februari mwaka huu ofisi ya leseni ilininyang'anya leseni yangu. Sikuwa na neno dhidi yao. Katikati ya kila nilichokitazama palikuwa pamekaa doa, mfano wa kidole gumba kilichowekwa juu ya picha. Pembeni niliona vizuri, lakini ofisi haikutaka habari za pembeni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, binti yetu mkubwa, Marlene, alikuja kutuambia la kufanya. Marlene ni mwalimu mkuu, na hawezi kuketi kabla hajamaliza tangazo.

"Baba, Mama, uzeni hiyo pikapu. Mmezunguka vya kutosha. Siku hizi kuna mabasi ya wazee, yana viyoyozi, yana choo humo humo."

"Yana nini?" Thora aliuliza kutoka jikoni.

"Choo, Mama."

"Mimi nina jangwa zima." Akatoka akijifuta mikono kwa aproni. "Pikapu haiuzwi. Nitaendesha mimi."

"Mama, wewe unaendesha kwenda kanisani na sokoni tu. Na huko sokoni unazunguka mara tatu upate nafasi ya kuingilia mbele na kutokea mbele, usije ukarudi nyuma hata kidogo. Mji mzima unajua."

"Na mji mzima unajua sijawahi kukosa nafasi."

"Sawa. Na Genge la Kester je?"

Mzunguko wetu haukamiliki bila kupita Genge la Kester. Ni barabara ya maili mbili iliyochongwa ubavuni mwa jabali, ikiteremka futi elfu moja hadi mtoni kwa kona tano kali. Upana wake ni wa gari moja, na ukingoni hakuna ukuta wala waya. Mimi naijua kuliko mtu yeyote aliye hai, kwani niliiparura kwa greda la wilaya kwa miaka thelathini na mmoja.

"Basi tukubaliane hivi," Thora akasema. "Nikiipitisha pikapu Genge la Kester na kuifikisha hapa mlangoni kwa mikono yangu mwenyewe, hutataja tena habari ya kuuza. Nikimwachia mtu usukani, hata kwa hatua kumi, iuze, nami nitapanda hilo basi lako la choo."

"Hata kwa hatua kumi?"

"Hata kwa hatua moja, mwanangu."

Wakapeana mikono kama wauza farasi. Mimi sikuulizwa, na nilimwona mke wangu akiubana mkono wa Marlene kwa nguvu, kama mtu anayekaza kifuniko cha mtungi.

Tuliondoka Jumatatu saa mbili asubuhi, baada ya kuvua kofia mbele ya boneti na kuomba, kama ilivyo desturi yetu. Nilikaa kiti cha abiria. Kwa mwanamume aliyezoea kushika usukani, kiti kile ni kifupi kwa miguu na kirefu kwa ulimi.

"Gia ya pili," nilisema.

"Najua."

"Hapo mbele pana mchanga. Usikanyage breki, utazama."

"Najua, Babu."

"Ukiona mchanga umekuwa mweupe, maana yake—"

Akasimamisha pikapu katikati ya njia. Kulia na kushoto kulikuwa na majabali mekundu na kunguru mmoja juu ya nguzo ya uzio, naye pia alionekana kungoja.

"Orval Haycock." Huniita kwa majina yote mawili ndama anapoingia katika bustani yake ya mboga. "Chagua moja. Unyamaze au ushuke. Ukishuka nitakuwa nakuletea maji kila jioni."

Nilinyamaza maili kumi na moja. Thora alishuka mwenyewe kupunguza upepo wa matairi, akakivuka kijito cha mchanga kwa mwendo mmoja bila kusita, kisha akashuka tena na pampu ya mkono akayajaza, akikataa msaada wangu kwa kunionyesha kiganja. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Uso ulimwiva wekundu hadi masikioni, na alihesabu kila pampu kwa sauti.

Siku ya pili jioni tulipiga kambi chini ya miti ya mipopla, juu ya ukingo wa mkondo mkavu. Watu wetu hawalali katika njia ya maji hata kama maji hayajapita hapo kwa miaka kumi. Thora alipanga makaa chini ya sufuria na juu ya kifuniko chake, akapika viazi kwa vitunguu na nyama ya nguruwe, kisha akaoka biskuti. Tulifungua chupa ya matunda ya pichi ya bustani yetu.

"Yale macho, Babu," aliniuliza akinipa sahani, "yameharibika kiasi gani hasa?"

"Yanatosha."

"Yanatosha nini?"

"Yanatosha kuona kwamba umeunguza biskuti."

Akazitazama biskuti. Akanitazama mimi. Akala yake hadi mwisho, nami nilipoitia yangu kinywani nikatambua kwamba hazikuwa zimeungua hata moja.

Usiku yalinyesha manyunyu, na Jumatano saa tatu asubuhi tulifika juu ya Genge la Kester.

Genge lina sheria yake, na sheria hiyo ni kongwe kuliko greda. Anayeteremka husimama juu, hupiga honi mara tatu, na mwenziwe huenda kwa miguu hadi Puani, mwamba uliochomoza ambako barabara yote huonekana hadi mtoni. Pakiwa peupe huinua kofia, na gari hushuka. Magari mawili yakikutana katikati, anayepanda harudi nyuma kamwe. Anayeteremka ndiye arudiye kinyumenyume hadi penye nafasi, kwa sababu mzigo unaopanda ukishasimama ni shida kuuanzisha tena. Kwa miaka arobaini na tisa Thora ndiye aliyekwenda Puani na kuinua kofia yake ya ukindu. Sasa Thora alikuwa dereva. Kwa hiyo nilifungua mlango, nikavaa kofia yangu, nikashuka kama mtu anayekwenda kazini.

"Ngoja," akasema. "Nikatazame mimi, kisha nirudi niendeshe. Ni dakika kumi tu."

"Dereva haachi gari mteremkoni. Kuendesha ni kazi yako. Kutazama sasa ni kazi yangu."

"Utaona mpaka chini?"

"Nitaona."

Huo ulikuwa uongo. Niliwafundisha watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja kwamba uongo ni uongo hata ukivishwa suti ya Jumapili, na sasa niliusema mimi, mchana kweupe, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kunidanganya hata bei ya kitambaa.

Nilisimama Puani. Upande mmoja niliuona ukijani wa mipopla, upande mwingine ukuta mwekundu wa korongo. Barabara ilipopaswa kuwa, palikuwa na doa. Niligeuza uso kulia, nikageuza kushoto, nikaviokota vipande vya barabara kimoja kimoja kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Vumbi sikuliona, lakini baada ya manyunyu ya usiku vumbi lisingekuwepo. Nikasikiliza, lakini upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyuma yangu na kuzipeleka sauti zote mtoni. Ningeweza kurudi na kusema, "Thora, sioni." Ni maneno mawili tu, na mwenye haki ya kuyasikia alikuwa hatua mia mbili kutoka pale.

Nikainua kofia.

Thora akapiga honi mara tatu, akashuka kwa gia ya kwanza, polepole, akanipakia. Tuliipita kona ya kwanza, tukaipita ya pili. Ukuta wa jabali ulikuwa kushoto, upande wake. Kulia, upande wangu, palikuwa na anga. Alishika usukani kwa mikono miwili, midomo ikiwa imebana, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu nilimsikia akiimba kwa pua wimbo wa watoto wa Jumapili.

Hatua themanini chini ya kona ya pili, wimbo ulikatika. Alikanyaga breki.

"Babu," akasema taratibu sana. "Mbele yetu kuna gari."

Lilikuwa lori dogo la kijani likivuta trela la farasi wanne. Injini yake ilikuwa ikinguruma kwa uzito. Dereva wake akatoa kichwa dirishani, nami nikamtambua kwa sauti: Lamont Stoddart, mfugaji wa ng'ambo ya mto, ambaye nilimfundisha darasa la Jumapili alipokuwa na miaka kumi na miwili.

"Ndugu Haycock! Dada Thora! Mnakwenda harusini?" Kisha utani ukamtoka. "Nilipiga honi chini pale, na yenu sikuisikia kwa ngurumo hii. Nani alikuwa Puani?"

Thora aliutazama mkono wangu uliokuwa bado umeshika ukingo wa kofia.

"Nilikuwa mimi," nilisema. "Niliinua kofia, na sikuwa nimeona. Sioni mpaka chini, Lamont. Nilimwambia mke wangu naona."

Farasi mmoja alipiga teke ubao wa trela.

"Haya," Lamont akasema mwishowe, akikwepa kunitazama, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana. "Mimi nikiwa na trela hili siwezi kurudi nyuma hata kama ningekuwa malaika. Dada Thora, nafasi ipo kwenye kona mliyoipita. Niliwekee trela mawe magurudumuni, nije nikurudishie pikapu? Ni dakika tano."

Dakika tano hizo zingekuwa mwisho wa pikapu. Thora alilijua hilo, nami nililijua. Nikafungua mkanda.

"Nipe usukani mimi," nikasema. "Kona hii nimeirudia kinyumenyume na greda. Naijua kwa mgongo."

"Wewe?" Aligeuka. "Wewe ambaye hukuona farasi wanne?"

"Thora—"

"Shuka, Orval. Sikufukuzi, shuka unisaidie. Na safari hii usiniambie unachotaka kuona. Niambie unachokiona." Akatoa kichwa dirishani. "Asante, Lamont. Kaa na farasi wako."

"Dada Thora, ni kinyumenyume na ni mlima!"

"Nimesikia. Mimi macho yangu mazima, masikio pia."

Nikashuka nikaenda nyuma ya pikapu, upande wa korongo. Barabara niliijua kwa nyayo: changarawe ngumu katikati, kisha laini, kisha tuta dogo la udongo ambalo greda huliacha ukingoni, na baada ya tuta hakuna kitu. Nikaligeuzia uso jabali.

"Mbona unatazama ukuta?" Thora akapiga kelele, akiniona kwenye kioo. "Ukingo uko nyuma yako!"

"Nikiutazama ukingo siuoni! Nikitazama ukuta nauona ukingo pembeni ya jicho!"

"Ndiyo maana kanisani unamtazama mpiga kinanda wakati askofu anahubiri?"

"Ndiyo maana!"

"Na mimi miezi mitatu nanuna!" Akaingiza gia. "Haya. Sema."

Mara ya kwanza injini ilizima. Mara ya pili pikapu iliruka kama ndama aliyechomwa chapa, ikazima tena, na harufu ya klachi ikanifikia. Lamont alianza kusema kitu chini kule. Thora akamwinulia kiganja kile kile alichoninyoshea mimi kwenye pampu. Mara ya tatu aliuachia mguu polepole, na magurudumu yakaanza kutafuna changarawe kurudi juu.

"Una hatua moja na nusu upande wangu," nilisema. "Endelea. Endelea. Sasa hatua moja."

"Hatua yako au yangu?"

"Yangu!"

"Sema kwa futi, baba wewe, miguu yako ni mirefu!"

"Futi tatu. Endelea. Futi mbili na nusu. Thora, mkia unanijia. Futi mbili."

"Nizungushe wapi?"

Hilo ndilo aliloliogopa maisha yake yote: kwamba kinyumenyume mikono hukataa kukubaliana na macho. Ningeweza kumwambia kulia au kushoto, naye angefuata, na usukani ungekuwa wangu kwa mlango wa nyuma. Lakini aliniomba nimwambie ninachokiona, na mikono yake sikuwa naiona.

"Sijui mikono yako iko wapi," nilisema. "Najua tu mkia unapaswa kurudi ukutani."

Pikapu ilisimama. Kupitia kioo cha nyuma niliona pembeni mwa jicho kofia yake ya ukindu ikiinama. Alikuwa akiitazama mikono yake, akiisogeza huku na huku bila kwenda popote, kama mtoto anayejifunza kuandika hewani. Kisha akauzungusha usukani mara moja na kuanza tena, na mkia ukaniacha, ukaelekea ukutani.

"Futi tatu," nilisema. "Futi nne. Nyuma yako ukutani pana tumbo la mwamba, limetokeza."

"Naliona."

"Litakukwaruza."

"Naliona, Orval."

Hakurudi upande wa korongo kulikwepa. Nilisikia chuma kikilia juu ya jiwe kuanzia mlango wa dereva hadi taa ya mbele, sauti ndefu ya kutia ganzi meno, na katikati yake injini ikiendelea kunguruma kwa mwendo ule ule, bila kupungua. Hatua kumi baadaye barabara ilipanuka chini ya nyayo zangu. Akaiingiza pikapu katika nafasi ya kona, akaibana ubavuni mwa jabali, akavuta breki ya mkono na kuzima.

Lamont alipita upande wa korongo, kofia mkononi. Alipofika sambamba nasi alisimama kidogo tu.

"Dada Thora, babu yangu alisema mtu wa mwisho aliyerudi kinyumenyume hapa alikuwa na punda wawili, na mmoja alikataa."

"Na mimi nilikuwa na mmoja," Thora akasema, "na alisikia."

"Lamont," nikasema, "najua utasimulia bonde zima. Simulia. Lakini simulia na jinsi nilivyoinua kofia."

Akaitikia kwa kichwa, safari hii akinitazama, akapanda na farasi wake.

Thora aliketi muda mrefu, mikono mapajani. Nilitaka kuishika, nikaona sijastahili bado. Ni yeye aliyeunyosha mkono wa kuume na kuuweka juu ya goti langu, akauacha hapo.

"Ulinidanganya," alisema.

"Nilikudanganya."

"Usirudie."

"Sirudii."

"Sasa twende Puani wote wawili, nikatazame mwenyewe."

Tulipanda kwa miguu, akatazama hadi mtoni, tukarudi, akateremka kona zilizobaki bila kuimba. Chini, alipofika penye mipopla, alishuka akavua viatu na soksi, akasimama ndani ya mto hadi magotini, akikataa kutoka mpaka njaa iliponitoa aibu nikapika mimi. Siku tatu zilizobaki hakuniruhusu kugusa hata pampu.

Jumamosi saa kumi jioni tuliingia uani. Marlene alikuwa amesimama barazani, mikono imekunjwa. Nilishuka kabla ya mke wangu, nikamsimulia mwanangu yote nikiwa wima, kofia mkononi: doa, Puani, neno "nitaona", farasi wanne. Sikuongeza na sikupunguza. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba akiona kosa hilo linatosha kuiuza pikapu, sitabisha.

Marlene alizunguka pikapu kama anavyozunguka madarasa yake. Alipofika upande wa dereva alisimama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo mpana uliofika hadi kwenye chuma kitupu.

"Mama, na huu?"

"Huo ni ukuta," Thora akasema, akishuka na chupa tupu ya pichi mkononi. "Upande mmoja palikuwa na ukuta, upande wa pili palikuwa na baba yako. Nilichagua ukuta."

Kidole cha Marlene kilibaki pale kwenye chuma.

"Usukani hukumpa mtu?"

"Hata kwa hatua moja."

Marlene akafuta kidole chake kwenye sketi, akaenda nyuma ya pikapu, akafungua mlango wa mizigo na kuanza kushusha magodoro.